Hodi ya mlango: jinsi ya kutumia katizo na sensa ya sumaku kwenye Arduino

Mlango ni kitu kivivu. Hata mtoto akiusukuma akikimbilia kucheza, utachukua kama robo sekunde kuachana na fremu, na ndani ya muda huo chipu ya Arduino Uno (bodi ndogo ya kielektroniki unayoiandikia programu), inayokwenda kwa megahezi 16, imeshatekeleza amri milioni kadhaa. Kwa hiyo nianze kwa kukuvunja moyo kidogo: ikiwa programu yako haina kazi nyingine ila kuangalia mlango, huhitaji katizo, yaani ishara inayoikatisha chipu kazi yake ili iitikie jambo jingine kwanza. Soma pini (tundu la bodi linalopokea waya) kwa `digitalRead` kila mzunguko wa `loop`, ile sehemu ya programu inayojirudia, imetosha.

Katizo, au intarapti kama wengi tulivyozoea kuliita, linahitajika pale bodi inapokuwa na shughuli zinazoizuia kugeuka. Mfano wangu ni stoo ya nyuma ya duka. Arduino inapima joto la friji, inaandika kwenye kadi ya kumbukumbu na inatuma SMS kwa moduli ya GSM. SMS moja inaweza kula sekunde kadhaa, na maktaba nyingi za GSM husimamisha kila kitu mpaka jibu lirudi. Mtu akifungua mlango na kuurudishia ndani ya sekunde hizo, `digitalRead` yako haikuwepo. Sababu ya pili ni betri: bodi imelala, na mlango ndio wa kuiamsha.

Fikiria uko jikoni unasonga ugali na unasubiri mgeni. Unaweza kuacha mwiko kila baada ya dakika moja ukachungulie nje. Au unaweza kusubiri hodi. Ikibishwa, unaitikia "karibu!" ukiwa palepale, unamaliza kusonga, ndipo unakwenda kuona ni nani. Hiyo "karibu" fupi ndiyo fanksheni ya katizo. Na hodi yenyewe inakuambia tu kwamba kuna kitu mlangoni. Haikuambii ni mgeni, ni mbuzi au ni upepo. Shika hilo, maana programu yote hapa chini imejengwa juu yake.

Hatua ya 1: kusanya vifaa na upime sensa kabla ya kuifunga

Unahitaji Uno au Nano (ndugu yake mdogo), sensa ya mlango ya sumaku (sensa ya kuhisi, si ile ya kuhesabu watu), rezista ya kiloomu 4.7, nyingine ya kiloomu 1, kapasita ya nanofaradi 100, bredibodi (ubao wa kuchomekea vifaa bila kulehemu) na waya. Sensa inayopatikana kirahisi ni MC-38, vipande viwili vyeupe vya plastiki: kimoja kina sumaku tupu, kingine kina waya mbili. Ndani ya hicho chenye waya kuna kichupa cha kioo chenye vijiti viwili vya chuma. Sumaku ikisogea, vijiti vinagusana. Ikiondoka, vinaachana. Ni ubunifu wa miaka ya 1930 uliotoka maabara za Bell za Marekani, kwenye kazi za simu, na hadi leo sijaona sababu ya kuutafutia mbadala kwa kazi hii.

Weka mita ya umeme (multimita) kwenye mlio, shika waya mbili, kisha sogeza sumaku. Ikilia sumaku ikiwa karibu, sensa yako hufunga njia mlango unapofungwa, na ndivyo MC-38 ilivyo. Waya hazina chanya wala hasi. Sogeza sumaku polepole utaona jambo la kuvutia: umbali ambao inaanza kulia si umbali ambao inanyamaza. Inashika ikiwa karibu zaidi, na inaachia ikiwa mbali zaidi. Tofauti hiyo inakusaidia, kwa sababu mlango unaotikisika kidogo tu hauhesabiwi kuwa umefunguliwa.

Hatua ya 2: ifunge mlangoni

Kipande chenye waya kinakaa kwenye fremu, chenye sumaku kwenye bamba la mlango, upande ule usio na bawaba. Ukikiweka karibu na bawaba, mlango utafunguka kiasi cha mtu kupenya kabla sumaku haijaondoka vya kutosha.

Mlango wa mbao au wa aluminiamu hauna neno. Geti au mlango wa chuma ni habari nyingine. Chuma kinaivuta nguvu ya sumaku kipite nayo chenyewe badala ya kuifikisha kwenye kichupa, kwa hiyo sensa iliyoshika vizuri mezani itagoma getini. Weka kipande cha mbao au plastiki chenye unene wa sentimita moja hivi chini ya vipande vyote viwili, kisha rudia kupima kwa mita. Zipo pia sensa kubwa zilizotengenezwa maalumu kwa milango ya chuma. Ukizipata, chukua.

Hatua ya 3: unganisha waya

Kwa waya fupi, usiozidi mita moja, mambo ni mepesi: waya mmoja kwenye pini namba 2, mwingine kwenye graundi, na unatumia rezista iliyomo ndani ya chipu kwa kuandika `INPUT_PULLUP`. Mlango ukifungwa pini inasoma LOW. Ukifunguliwa, rezista inaivuta pini juu na inasoma HIGH.

Kwa nini pini namba 2? Kwenye Uno na Nano, `attachInterrupt`, amri inayounganisha pini na katizo, inafanya kazi kwenye pini 2 na 3 tu. Mega, bodi kubwa zaidi ya Arduino, ina sita: 2, 3, 18, 19, 20 na 21. Pini nyingine za Uno zina katizo la aina ya pili linalochukua pini kwa makundi, lakini kwa mlango mmoja au miwili usijisumbue nalo.

Waya ukiwa mrefu, urahisi huo unakwisha. Kengele yangu ya kwanza ilikuwa inalia kila jirani alipowasha pampu ya maji. Nilikaa na programu usiku wa siku mbili nikitafuta kosa ambalo halikuwemo. Kosa lilikuwa ukutani: mita kumi na tano za waya wa spika, nilizozipitisha sambamba na waya wa umeme wa nyumba, zikiwa zimevutwa juu na rezista ya ndani tu. Rezista hiyo ni ya kati ya kiloomu 20 na 50, dhaifu mno kwa waya wa urefu huo. Pampu inapowashwa, waya unaokota mshtuko, pini inaruka, na katizo linasikia hodi.

Tiba iko hivi. Rezista ya kiloomu 4.7 kutoka volti 5 hadi kwenye waya wa sensa, ili njia ipitishe takriban miliampea moja mlango ukiwa umefungwa. Kutoka hapo hapo, rezista ya kiloomu 1 kwenda pini 2. Kisha kapasita ya nanofaradi 100 kati ya pini 2 na graundi, karibu kabisa na bodi. Waya wenyewe, sokota jozi moja ya kebo ya mtandao, na uupitishe mbali na umeme wa ukutani. Ile rezista ya kiloomu 1 usiiruke kwa kuona ni ndogo: bila hiyo, kila mlango unapofungwa kapasita inamwaga umeme wake wote kwa mpigo kupitia vile vijiti vyembamba vya kichupa, na siku moja vitagandana.

Hatua ya 4: andika "karibu" iliyo fupi

Fanksheni ya katizo kwa umbo lake dogo kabisa ni hii:

```cpp
volatile bool hodi = false;

void mlangoUmeguswa() {
  hodi = true;
}
```

Neno `volatile` linaiambia kompaila (programu inayotafsiri maandishi yako kuwa lugha ya chipu) kwamba thamani hii ni kigeugeu, inaweza kubadilika nyuma ya mgongo wake, kwa hiyo isome upya kwenye kumbukumbu kila mara. Ukilisahau, kompaila inaweza kuamua kwamba hakuna anayebadilisha `hodi` ndani ya `loop`, ikabaki na nakala ya zamani, na mlango wako ukawa kiziwi. Kinachoudhi ni kwamba wakati mwingine inafanya kazi bila hilo neno, mpaka siku unapoongeza mstari mmoja mahali pengine kabisa.

Ndani ya fanksheni hii usiweke `delay`. Kwenye Uno, `delay` inategemea saa ambayo nayo inaendeshwa kwa katizo, na ukiwa ndani ya katizo mengine yote yanasubiri nje. Saa imesimama, na `delay` haiwezi kuhesabu muda ipasavyo. `millis()`, yaani milisekunde tangu bodi iwashwe, unaweza kuisoma, lakini haitasonga mbele mpaka utoke. `Serial.print` inaweza kuonekana inafanya kazi kwenye meza yako na kukwama dukani. SMS, kadi ya kumbukumbu na skrini, usiziguse humo kabisa.

Hatua ya 5: tuliza mdundo, kisha usome pini yenyewe

Vijiti vya chuma vikigusana havitulii papo hapo. Vinadunda, kama mpira ulioangushwa sakafuni, na kila mdundo ni hodi mpya. Mdundo wa kichupa wenyewe huwa umekwisha ndani ya milisekunde chache. Unaosumbua zaidi ni mdundo wa mlango: ukibamizwa, unarudi nyuma, unagonga tena, sumaku inacheza kwenye mpaka wa kushika na kuachia. Mimi nasubiri milisekunde 50 za ukimya tangu hodi ya mwisho, ndipo nasoma pini.

Hii hapa programu nzima. Imeongezwa jambo moja: inakumbuka hodi ya kwanza ilipigwa saa ngapi na ya mwisho saa ngapi, ili kumnasa yule aliyefungua na kufunga wakati SMS inatumwa.

```cpp
const byte PINI_MLANGO = 2;
const unsigned long KUTULIA = 50;    // milisekunde
const unsigned long KUPENYA = 200;   // milisekunde

volatile bool hodi = false;
volatile unsigned long hodiYaKwanza = 0;
volatile unsigned long hodiYaMwisho = 0;

bool mlangoWazi = false;

void mlangoUmeguswa() {
  unsigned long t = millis();
  if (!hodi) hodiYaKwanza = t;
  hodiYaMwisho = t;
  hodi = true;
}

void setup() {
  Serial.begin(9600);
  pinMode(PINI_MLANGO, INPUT_PULLUP);
  mlangoWazi = (digitalRead(PINI_MLANGO) == HIGH);
  attachInterrupt(digitalPinToInterrupt(PINI_MLANGO),
                  mlangoUmeguswa, CHANGE);
}

void loop() {
  noInterrupts();
  bool kunaHodi = hodi;
  unsigned long kwanza = hodiYaKwanza;
  unsigned long mwisho = hodiYaMwisho;
  interrupts();

  if (kunaHodi && millis() - mwisho >= KUTULIA) {
    hodi = false;                    // kwanza hii
    bool sasa = (digitalRead(PINI_MLANGO) == HIGH);

    if (sasa != mlangoWazi) {
      mlangoWazi = sasa;
      Serial.println(sasa ? "Umefunguliwa" : "Umefungwa");
    } else if (mwisho - kwanza >= KUPENYA) {
      Serial.println("Uliguswa na kurudishwa");
    }
  }

  // hapa: joto la friji, kadi, SMS
}
```

Mambo matatu ndani yake yanastahili kuangaliwa kwa karibu.

La kwanza ni zile `noInterrupts` na `interrupts`. Chipu ya Uno ni ya biti 8, na namba ya aina ya `unsigned long` ina baiti nne. Inaisoma kwa vipande. Hodi ikibishwa katikati ya usomaji, utapata nusu ya namba ya zamani na nusu ya mpya, yaani namba ambayo haijawahi kuwepo. Hitilafu ya namna hii inaweza kujitokeza mara moja kwa mwezi, saa nane usiku, na huwezi kuirudia mbele ya fundi yeyote. Kwa hiyo funga mlango wa makatizo kwa kufumba na kufumbua, nakili, ufungue. Hodi ikija katika upenyo huo haipotei. Chipu inaiweka alama na kuitikia mara unapofungua.

La pili ni mpangilio: `hodi = false` inatangulia, kusoma pini kunafuata. Ukigeuza, mlango unaweza kubadilika baada ya kuusoma na kabla ya kufuta alama, na hapo umeifuta hodi ambayo hukuiitikia. Kwa mpangilio huu, badiliko lolote ama litaonekana kwenye usomaji, ama litaacha alama mpya.

La tatu ni zile milisekunde 200. Mshtuko wa pampu ni wa kitambo kidogo sana, na binadamu hawezi kufungua mlango, kupenya na kuufunga kwa moja ya tano ya sekunde. Ikiwa hodi ya kwanza na ya mwisho zimeachana zaidi ya hapo na mlango umerudi ulivyokuwa, mtu ameugusa. Mishtuko miwili iliyoachana inaweza kukudanganya hapa, ndiyo maana waya umetibiwa kwanza kwenye hatua ya 3. Programu haiponyi waya mbovu.

Kama umeweka rezista ya nje ya kiloomu 4.7, acha `INPUT_PULLUP` ilivyo. Haidhuru. Lakini usije ukatumia `LOW` mahali pa `CHANGE`, inayoita pale tu pini inapobadilika. Kwa MC-38 mlango uliofungwa unasoma LOW saa zote, na katizo la aina hiyo litaita bila kupumua. `loop` itaendelea kwa kujikokota au isiendelee kabisa.

Hatua ya 6: ukihamia ESP32

ESP32 ni chipu nyingine, yenye Wi-Fi ndani yake. Programu inabaki ileile, ila fanksheni ya katizo inaandikwa `void IRAM_ATTR mlangoUmeguswa()`, ili ikae kwenye kumbukumbu ya haraka ya chipu na ipatikane hata wakati kumbukumbu ya programu iko kwenye shughuli nyingine. Karibu pini zote zinakubali katizo, lakini namba 34 hadi 39 hazina rezista ya ndani, na 6 hadi 11 zimeshikwa na kumbukumbu ya bodi. Mimi natumia 33. Rezista ya kuvuta juu sasa inakwenda kwenye volti 3.3. Ukiipeleka kwenye 5 unaitafutia chipu kifo.

Hatua ya 7: mlango unaotumia betri

Hapa ndipo katizo linapolipa gharama zake, na hapa pia ndipo watu wanapoliwa betri bila kujua.

Angalia rezista. Mlango wa stoo unashinda umefungwa, na mlango ukifungwa MC-38 inapitisha umeme. Kwenye volti 3.3 na rezista ya kiloomu 33, kwa mfano, huo ni umeme wa miliampea 0.1, usiku na mchana. Mwaka una saa 8,760, kwa hiyo ni takriban miliampea-saa 876 kwa mwaka, kwa rezista peke yake. Ukibaki na ile ya kiloomu 4.7, hesabu inazidi mara saba. Kwa betri weka rezista ya nje ya kiloomu 100 hadi megaomu 1 badala ya ile ya ndani (hapa andika `INPUT`, si `INPUT_PULLUP`), waya uwe mfupi, na bodi ikae palepale mlangoni. Sensa ya waya tatu, inayoachia njia sumaku ikiwa karibu, inaondoa tatizo hili lote, ila inaleta jingine: mwizi akikata waya, bodi itadhani mlango umefungwa vizuri. Kwa MC-38 waya uliokatwa unasomeka kama mlango uliofunguliwa, na kengele inalia. Kwa stoo yenye mali mimi nakubali kupoteza betri.

ESP32 inapolala usingizi mzito, mtego uko kwenye kuamka. Mifano mingi inaandika "amka pini ikiwa HIGH". Mlango ukifunguliwa, bodi inaamka, inatuma ujumbe, inarudi kulala. Lakini mlango bado uko wazi, pini bado ni HIGH, basi inaamka tena papo hapo. Mwenye duka akisahau mlango wazi jioni moja, asubuhi betri imekufa. Kabla ya kulala, iambie isubiri kinyume cha hali iliyopo:

```cpp
int hali = digitalRead(33);
esp_sleep_enable_ext0_wakeup(GPIO_NUM_33, hali == HIGH ? 0 : 1);
esp_deep_sleep_start();
```

Ikiamka inaanza upya kutoka `setup`, haikumbuki kitu isipokuwa vile ulivyovitangaza kwa `RTC_DATA_ATTR`. Na usitarajie usingizi wa maana kwenye bodi yenye taa nyekundu inayowaka muda wote na chipu ya USB: hivyo havilali.

Hatua ya 8: uijaribu kama adui

Fungua na ufunge taratibu, ukikaa sekunde kadhaa pale sumaku inapokaribia kushika. Bamiza mlango mara kumi na uhesabu ujumbe uliopokea. Washa pampu, feni, pasi, chochote chenye kuvuta umeme mwingi, mlango ukiwa umefungwa. Weka `delay(8000)` ya muda kwenye `loop` ukijifanya ni SMS, kisha upenye na kurudisha ndani ya sekunde hizo nane. Chomoa waya mmoja wa sensa. Na kwa ile ya betri, pima volti jioni, uache mlango wazi usiku kucha, upime tena kukikucha.